Nywele Alizokohoa Sufi

Juzi nilikuwa nayeyusha samli kwenye kijiko, juu ya moto mdogo wa jiko la gesi, na harufu ilipopanda nikalazimika kuzima moto na kukaa chini. Haikuwa tena harufu ya jikoni kwangu. Ilikuwa ya uani kwa Bibi, Tabora, saa za alasiri, vumbi limetulia na mwanga umeingia kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye mtungi wa maji. Sisi tuliokula unga wa njano tunajua kwamba samli siku zile haikuwa kitu cha kumpa mnyama. Ndiyo maana namkumbuka vizuri aliyeitoa, na paka aliyepewa.

Paka mwenyewe aliitwa Sufi. Mama alipewa na mke wa Mwarabu mmoja muuza vitambaa, jirani yetu wa siku nyingi, walipokuwa wanafunga mizigo kuhama. Walibeba vitambaa, wakabeba masufuria, paka wakaona hawamwezi. Hakuwa wa mbegu ya paka wa mitaani kwetu. Manyoya yake yalikuwa marefu, rangi ya majivu, na ukimkumbatia ulihisi umekumbatia godoro lililopasuka mshono. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyependa utani kuliko mikutano yake mwenyewe, alimwita kabaila. Alisema nchi nzima inalima na kupanga foleni, huyu peke yake analala kutwa na kula jasho la wengine. Mama alimjibu aje akague gunia la karanga kama lina tundu la panya, ndipo ajue nani mfanyakazi na nani mnyonyaji hapa mtaani. Balozi alicheka, na siku nyingine akapita akaanza upya.

Kila alasiri, baada ya sala, Mama alitandika mkeka uani, akafumua nywele zake na kuzichana. Sufi alipanda mapajani pake. Mimi nililala ubavuni nikisikiliza chanuo likipita, na mbali kule stesheni mabehewa yakigongana, na sauti hizo mbili zilichanganyika kichwani mwangu mpaka sikujua ipi ni ya Mama na ipi ni ya treni. Sikuwahi kuona mwisho wa shughuli ile. Usingizi ulinichukua kila mara, na nilipoamka mkeka ulikuwa umekunjwa na Mama yuko jikoni.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi, mama yake Baba, na katika nyumba yake nywele hazikuachwa zikadondoka ovyo. Ukichana kichwa, uliokota nywele zote, ukaziviringa kwenye kidole, ukampelekea Bibi akazifukia nyuma ya nyumba. Alisema watu wake waliingia Tabora kwa miguu pamoja na misafara, wengine wamebeba, wengine wamebebewa, na hakutaja wake walikuwa upande upi. Tangu wakati ule, alisema, mji huu ni wa wapitaji. Mtu analala jirani yako leo, kesho yuko njia ya Ujiji, na kama ameondoka na nywele zako utamfuata wapi akurudishie? Nililiamini jambo hilo kabisa. Kwangu mimi nywele zilikuwa kipande cha mtu kinachoweza kusafiri bila yeye.

Mama aliugua masika, na masika yalipokwisha hakuwepo. Nilichokiona mimi ni kwamba jina lake liliondoka naye. Bibi hakulitaja, Baba hakulitaja, na mkeka wa uani ulisimamishwa nyuma ya mlango. Nilidhani kuna amri imetolewa, labda redioni, siku ambayo mimi sikusikiliza. Basi nikanyamaza kama wao, ingawa nilimtamani Mama kila alasiri.

Baba alikuwa gadi wa treni ya mizigo, leo yuko nyumbani, kesho yuko njia ya Kigoma. Mwaka ulipogeuka alileta mke mwingine, Nyamizi, binti wa mrina asali wa Ipole. Mimi niliambiwa nimwite Mama Mdogo. Alikuwa mrefu, mpole, ananukia moshi na nta hata baada ya kuoga. Siku ya kwanza alipiga magoti mbele ya Bibi akamwamkia kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka." Bibi, aliyekijua Kinyamwezi tangu utoto wake, akaitika, "Marahaba," kana kwamba ameamkiwa kwa Kiswahili. Na tangu hapo, alipokuwa anamsema, alisema "huyo." Huyo ameamka? Huyo ameteka maji? Kwa Bibi, mtu aliyekulia porini alijua mizizi mingi kuliko inavyofaa mkwe kuijua.

Mama Mdogo alipewa chumba cha Mama, na chini ya kitanda ndiko alikolala Sufi. Hapo pakawa na shida, maana Mama Mdogo aliogopa paka. Kwao paka walikaa ghalani na hakuna aliyewashika. Sufi akiingia chumbani, yeye alipandisha miguu kitandani na kuniita nimtoe. Kumlisha kulibaki kazi ya Bibi, naye alimwekea ukoko wa ugali wa unga wa njano, mkavu, kwenye kifuniko cha sufuria. Sufi aliunusa akaenda zake. Kutwa alikaa penye mwanga akijilamba, mgongo, ubavu, mkia, kisha anarudia mgongo.

Siku moja nilikwenda kuchota maji, nikaona kitu kimelala nyuma ya mtungi. Kilikuwa kirefu kama kidole changu, kimesokotwa, kimekauka. Nilikiinua nikakitazama kwenye mwanga, na ndani yake niliona nywele. Moyo uliruka kwa furaha. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba zile zilikuwa nywele za Mama. Zilikuwa za kijivu, na nywele zake hazikuwa hivyo, lakini nilijieleza kwamba huko aliko watu wanazeeka haraka. Zilikuwa zimeviringwa vizuri, kama alivyozoea kuviringa. Niliona kwamba amezituma nyumbani kwa sababu huko hakuna Bibi wa kuzifukia. Nilizirudisha palepale bila kumwambia mtu, maana kama angetaka zichukuliwe na mwingine, asingeziweka penye maji ninayochota mimi. Siku kadhaa zile nilitembea kama niliye usingizini. Nikipita karibu na mtungi nilipunguza mwendo, na nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeipata tangu masika.

Kisha Bibi akafagia chini ya kitanda cha Mama Mdogo. Baba alikuwa ameondoka na treni jana yake. Nilimsikia Bibi akiacha kufagia. Alitoka na madonge mengine kama lile la nyuma ya mtungi, ameyashika kwa pembe ya kanga asije akayagusa kwa mkono. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, hivyo aliyasogeza karibu na uso, akayageuza, akayasogeza tena. Aliniita.

"Zuwena, nywele hizi unazijua?"

"Za Mama," nilimwambia.

Nililisema kwa furaha, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza jambo linalomhusu. Sikuelewa kwa nini Bibi aliketi ghafla kwenye kizingiti. Sasa naelewa. Nywele za marehemu, zimesokotwa na kupakwa kitu, zimefichwa chini ya kitanda cha mke aliyechukua nafasi yake. Mtu wa malezi ya Bibi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliyafunga madonge yale kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno, akamwita Mama Mdogo aliyekuwa anaosha vyombo uani. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba mume wake akirudi kutoka Kigoma, yeye atarudi kwao, na kwamba afadhali aanze kupanga vitu vyake mapema.

Mama Mdogo alisema hazijui nywele zile. Bibi akasema hakumuuliza.

Mama Mdogo alirudi kwenye vyombo akamaliza kuviosha, akavianika, akakaa. Nami nikaenda kukaa karibu naye, sijui kwa nini. Nadhani nilipenda ile harufu ya nta.

"Kwetu wamehamishwa, mwanangu," alisema. "Wamepelekwa kijiji cha ujamaa, wamepangwa kwa mstari. Sijui hata mlango wetu sasa unaangalia wapi."

Nilijaribu kuifikiria nyumba ambayo mlango wake haujulikani, nikamwona Mama Mdogo anaizunguka na sanduku lake la bati kichwani, anazunguka tu, kuta pande zote. Picha ile ilinitisha. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitaki aondoke. Lakini nilitaka na nywele za Mama ziendelee kuja, na kwa akili yangu ya utoto mambo hayo mawili hayakugombana.

Tuliishi hivyo, tukisubiri treni. Kila honi iliposikika kutoka stesheni, Mama Mdogo alisimama kidogo na alichokishika, kisha akaendelea. Treni za mizigo siku zile hazikuwa na haraka, zilisubiriana huku na huku, na njia ya Kigoma ilikuwa ndefu.

Asubuhi moja Sufi hakutoka nje. Tulimkuta karibu na mtungi, amejikunyata, shingo ameinyoosha sakafuni, anakohoa kikohozi kikavu kinachotoka tumboni kabisa. Alikohoa, akatulia, akakohoa tena. Mwisho alitoa donge la nywele, limelowa, akalitazama yeye mwenyewe kwa mshangao, akaondoka kwa unyonge. Mimi na Mama Mdogo tulikuwa tumesimama pamoja, tumeona jambo moja, na kila mtu akalielewa lake. Mimi nilielewa kwamba Mama alimpa Sufi amana, na Sufi anatuletea kidogo kidogo. Mama Mdogo alikuwa ameishi sehemu ya utoto wake kwa mjomba wake kule Puge, kwenye ng'ombe, na alikumbuka ndama waliolambana. Wakichinjwa, tumboni mwao hukutwa madonge ya manyoya. Alikwenda kumwita Bibi, uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza tangu siku ya kufagia.

Bibi alikuja, akalitazama donge, akamtazama paka.

"Amekula ulichoficha," alisema. "Paka anakula chochote."

Mama Mdogo alimwambia kwamba paka akichanwa na kulishwa vizuri, mambo haya yatakoma. Bibi akajibu kwamba ni lazima yakome, mtu akiacha kuyaweka yatatoka wapi? Hata mimi niliona kwamba hapo hakuna pa kutokea. Yakiendelea ni yeye, yakikoma ni yeye. Bibi akarudi chumbani kwake na lile fundo lake pindoni.

Baada ya hapo Sufi alizidi. Aliacha kula kabisa, hata maji aliyaramba kidogo tu, na tumbo lake likawa gumu. Alikohoa na hakuna kilichotoka. Nilimshika Mama Mdogo kanga nikamwambia kwamba Sufi atakufa, na akifa sitakuwa na kitu. Sikumfafanulia ni kitu gani. Alinitazama, akautazama mlango wa chumba cha Bibi, na nadhani alijua kwamba lolote atakalolifanya kwa paka yule litahesabiwa kuwa uchawi. Kisha aliingia chumbani akatoka na kibuyu kidogo cha samli, zawadi aliyopewa na mjomba wake alipoolewa. Nilikuwa sijawahi kumwona akikifungua.

Aliyeyusha kidogo kwenye kijiko. Uani kote kulinukia. Akaipoza kwa pumzi yake, akaketi chini, akaniambia nimweke Sufi mapajani pake. Sufi alipomkanyaga paja, Mama Mdogo alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Hata hivyo hakumsukuma. Alichovya kidole kwenye samli, akampaka paka mguuni mwa mbele, na Sufi, ambaye hakuweza kuvumilia kuwa na kitu mwilini, akairamba yote. Akampaka tena. Kisha tulimpeleka pembeni mwa bafu, ambako maji yalimwagika na majani machanga yaliota hata kiangazi, tukamwacha atafune. Alitafuna kwa bidii, ameinamisha kichwa upande. Mama Mdogo aliloweka dagaa waliosalia katika wale Baba aliowaleta kutoka Kigoma kwenye maji ya uvuguvugu mpaka wakawa laini, akatoa vichwa na miiba, akamwekea pamoja na maji yake. Siku ile Sufi alikunywa yale maji tu. Kesho yake alitoa donge kubwa kuliko yote niliyowahi kuona, pamoja na majani, kisha akala.

Alasiri ya siku hiyo Mama Mdogo aliutoa mkeka nyuma ya mlango. Hakujua ni mkeka gani. Akautandika palepale uani, kwa sababu ndipo penye kivuli, akampakata Sufi, akachovya viganja kwenye bakuli la maji na kumpapasa, halafu akaanza kumchana kwa chanuo lake la mti. Manyoya yalitoka. Chanuo lilikuwa halijafika mbali likajaa, akaliondoa bumba, akaliweka kwenye ungo, akaendelea, na likajaa tena. Mimi nilikuwa nimelala ubavuni, nasikiliza. Jua lilikuwa limelegea, macho yangu yalianza kufumba, na kwa kitambo kidogo kila kitu kilikuwa kama kilivyokuwa. Kisha nikautazama ungo.

Yalikuwa ya kijivu. Nililiokota bumba moja, nikaliviringa kwenye kidole, na likawa lilelile. Lile la nyuma ya mtungi, yale ya chini ya kitanda, yote. Niliketi. Nakumbuka nilitazama ukutani, na ukuta ulikuwa ukuta tu. Nililia kuliko nilivyolia masika, maana masika watu walikuwa wengi na sikujua bado kilichotokea.

Mama Mdogo aliliweka chanuo chini. Hakuniambia ninyamaze. Aliniuliza nalia nini.

"Nilidhani ni za Mama," nilisema. "Nilidhani anazileta."

Alinivuta nikaegemea bega lake, Sufi akiwa katikati yetu, na yeye naye akaanza kulia, kimya, machozi yakimdondokea paka. Nilisikia kandambili za Bibi. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Alikuja polepole akaketi pembeni mwa mkeka, akapapasa ungoni mpaka akayapata manyoya. Aliyasugua kati ya vidole vyake muda mrefu, maana vidole vyake viliona vizuri kuliko macho. Kisha alilifungua fundo la kanga, akayatoa madonge yake, akayalowanisha kwa maji ya bakuli, akayachambua mpaka yakafumuka. Akayasugua na haya, yakawa sawa na yale ya ungoni.

"Alikuwa anamchana huyu kila alasiri," Bibi alisema. "Akimaliza kichwa chake anamchana paka, na ananiomba mchuzi wa samaki ampe. Nilikuwa namcheka. Tangu aondoke hakuna aliyemgusa."

Alilitaja jina la Mama. Alilitaja mara moja, kwa sauti ndogo, kisha akalitaja tena kama anayejaribu kama bado linasemeka. Amri niliyodhani imetolewa ikaisha hapohapo, na nilimuuliza maswali mengi ambayo hata hayakuwa na mpango, alipenda nini, alicheka vipi, na Bibi akanijibu moja moja. Mama Mdogo alikuwa ameinama, amelichukua tena chanuo ili apate pa kutazama, anachana kutoka mkiani kuja mbele, na Sufi anajikunja kwa kero.

Bibi alimtazama kwa muda. Akanyoosha mkono, akaushika mkono wenye chanuo, akauhamisha.

"Anzia shingoni, mwanangu," alimwambia. "Ukimwanzia huko atakuuma."

Baba alirudi siku kadhaa baadaye, amechoka, mavazi yake yananuka makaa na mafuta ya treni. Alikuta Sufi amelala juani kizingitini, akamruka. Alimwamkia Bibi, akaketi, na nadhani aliona usoni mwake kwamba kuna neno, kwa sababu aliuliza kama nyumbani ni kwema.

"Kwema," Bibi alisema. "Ila safari ijayo ulete dagaa wa kutosha. Mke wako anamlisha yule paka, na mimi nimezeeka, siwezi kumfundisha kila kitu kwa siku moja."

Baba alisema sawa, atawaleta. Mimi nilitazama jikoni. Mama Mdogo alikuwa ameacha kusonga ugali, amesimama tu na mwiko mkononi, anasikiliza, na ugali ukaanza kuungua.